Kinanda Kilichobaki Leipzig

Ukikaa na wazee wa Kilutheri wa Machame, Mamba au Old Moshi, mlimani Kilimanjaro, Leipzig, ule mji wa Ujerumani, itatajwa kabla chai haijapoa. Wanaitaja kama mtu anavyotaja kwao mjomba: hajawahi kufika, lakini anajua nani alitoka huko, mwaka gani, na alijenga wapi. Wamisionari wa Leipzig walianzia Nkwarungo, Machame, mwaka 1893. Mwaka uliofuata wakafungua kituo Mamba, na mwaka 1896 wakawa Kidia, Old Moshi, pale ambapo baadaye Bruno Gutmann alikaa mpaka 1938 akihubiri na kuandika habari za mila za Wachaga, maandishi ambayo watafiti wanayarudia hadi leo. Hayo tumeyasikia tangu darasa la kipaimara. Ambacho hatukufundishwa ni mji wenyewe ulikuwaje, na hasa watu hao walizoea kusikia nini kanisani kabla ya kupanda meli.

Mimi ni mpiga kinanda. Usharika wangu uko hapa Moshi na siutaji jina, kwa sababu kuna mambo ya baraza la wazee nitayasema huko mbele na sina hamu ya kuitwa kikaoni. Mpiga kinanda akisikia Leipzig hafikirii misheni kwanza, anamfikiria mtunzi wa muziki Johann Sebastian Bach, na kwa Bach anafika moja kwa moja kanisa la Mtakatifu Thomas, Thomaskirche. Nilibahatika kuingia humo nikiwa kwenye msafara wa ubia, zile ziara ambazo sharika zetu na zao hutembeleana. Wenzangu walitaka kuona kaburi la Bach, ambalo lipo kweli, bamba la shaba sakafuni mbele, na maua juu yake. Mimi nilitaka kuona kinanda cha siku zake.

Hakipo.

Na hakipo si kwa bahati mbaya ya juzi. Kanisa hilo limebadilisha vinanda mara nyingi. Lenyewe ni la zamani mno: watawa wa Augustino walianzishiwa nyumba hapo mwaka 1212, na kwaya ya wavulana ya Thomas, Thomanerchor, inahesabu umri wake kuanzia mwaka huohuo. Jengo la sasa, lenye paa lenye mwinuko mkali ajabu, ni la mwaka 1496. Luther alihubiri humo Pentekoste ya 1539. Mozart alipita mwaka 1789 akapiga kinanda, na Richard Wagner alibatizwa humo mwaka 1813. Waongozaji wa wageni hulisha umati kwa habari hizo na si vibaya, ila mimi nilijia mabomba.

Kwa ambaye hajawahi kukiona, kinanda cha mabomba si kibodi iliyokuzwa. Ni chombo cha kupuliza, ila pumzi haitoki mdomoni. Mivukuto inasukuma hewa kwenye masanduku ya mbao, juu ya masanduku yamesimama mabomba, na ukibonyeza kidude kimoja, kilango kidogo kinafunguka chini ya bomba moja na bomba linalia. Bomba lililo wazi la futi 8, karibu mita 2.4, linatoa Do ya chini kabisa ya kibodi. Likate nusu, unapata Do ya juu yake. Kisha kila aina ya sauti, iwe ya filimbi, ya tarumbeta au ya zeze, inataka safu yake nzima ya mabomba, na kila safu ina kishikio chake cha kuvuta, ambacho wapigaji wanakiita stopu. Ukiambiwa kinanda kina stopu 60, jua kuna maelfu ya mabomba nyuma ya yale machache yanayong'aa mbele. Na kabla ya umeme, hewa yote hiyo ilitokana na miguu ya watu. Nyuma ya kila mpigaji aliyesifiwa walikuwepo wengine wanaokanyaga mivukuto, na wao wakichoka, wimbo nao unachoka.

Bach alifika mwaka 1723 na kufanya kazi hapo mpaka alipofariki 1750. Alikuta vinanda viwili: kikubwa kwenye roshani ya magharibi, na kidogo upande wa mashariki, juu ukutani. Ijumaa Kuu ya mwaka 1736 mateso ya Kristo kwa Mathayo aliyoyatunga yaliimbwa humo, na mhudumu wa kanisa akaandika kwenye kumbukumbu zake kwamba vilipigwa vinanda vyote viwili. Kwaya mbili, vinanda viwili, vinaitana kutoka ncha hadi ncha ya kanisa huku waumini wako katikati. Miaka minne baadaye, 1740, kile kidogo kikaondolewa. Kikubwa nacho hakikufika kwetu.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba Bach hakuajiriwa Leipzig kupiga kinanda. Mpiga kinanda wa Thomas alikuwa mtu mwingine. Kuanzia 1729 ni Johann Gottlieb Görner. Bach alikuwa kantor, yaani kwa lugha yetu mwalimu wa kwaya, na ni mwalimu wa kwaya mwenye matatizo yote ya walimu wa kwaya. Kwanza hakuwa chaguo lao. Halmashauri ya mji ilimtaka mtunzi Telemann, akakataa. Ikamtaka mtunzi mwingine, Graupner, mtawala aliyemwajiri akamzuia. Ndipo wakamchukua Bach. Pili, Agosti 1730 aliwaandikia waraka akichambua vijana wa shule aliyokabidhiwa: 17 wanafaa, 20 bado, 17 hawafai kabisa. Niliposoma hesabu hiyo nilicheka peke yangu, maana mwalimu yeyote wa kwaya kuanzia Marangu hadi Masama anaweza kujaza fomu hiyohiyo kesho asubuhi, tofauti ni kwamba hatathubutu kuipeleka kwa baraza.

Tatu, malipo. Mwaka huohuo wa 1730 alimwandikia rafiki yake Georg Erdmann kulalamika. Kazi, anasema, inamletea kama thaler 700, fedha ya Kijerumani ya siku hizo, kwa mwaka, lakini sehemu kubwa inatokana na ada za shughuli, na hasa mazishi. Watu wakifa wengi, mapato yanapanda. Hali ya hewa ikiwa nzuri, yanashuka. Mwaka uliotangulia ulikuwa wa afya na yeye akapoteza zaidi ya thaler 100. Msomaji wa mbali anaweza kuona ni ukatili. Mpiga tarumbeta wa Moshi haoni ukatili wowote. Vikundi vyetu vya matarumbeta vinaishi kwa harusi, send-off na misiba, na Aprili mvua ikizuia harusi utawaona vijana wamekaa na vyombo vyao wakipiga hesabu hiyohiyo ya Bach.

Nimetaja matarumbeta, basi nirudi mlimani kidogo. Wamisionari walipotoka Mombasa mwaka 1893 mizigo ilibebwa vichwani na mabegani, kwa miguu, mpaka Kilimanjaro. Reli ya kutoka Tanga haikufika Moshi hadi mwaka 1911. Kinanda cha mabomba hakiwezi kubebwa hivyo. Mabomba ya risasi na bati yanapinda kwa kidole, masanduku ya hewa yana ukubwa wa chumba, na mtu wa kukiunganisha lazima aje nacho. Kilichoweza kupanda mlima ni vitu vya aina tatu: kitabu cha nyimbo, tarumbeta, na kile kinanda cha kukanyaga kwa miguu chenye ukubwa wa kabati dogo. Sauti ya Ulutheri wa Kilimanjaro, ile tunayoiona kuwa yetu kabisa, iliamuliwa kwa sehemu kubwa na uzito wa mizigo. Tukiimba tenzi za Kijerumani kwa sauti nne bila chombo, tukizipuliza kwa shaba alfajiri ya Pasaka, ndiyo njia muziki ule ulivyopata mahali pa kupita.

Kinanda cha kukanyaga nimekulia nacho. Ukikifungua mgongoni unakuta vilimi vya shaba vimepangwa kwa mamia, kila kimoja chembamba, kimeshikwa upande mmoja, na hewa inayovutwa kukipitia ndiyo inayokitetemesha. Vumbi la Julai likikaa kwenye kilimi kimoja, noti hiyo inakufa, au mbaya zaidi inakoroma. Dawa ni kukichomoa taratibu kwa kindoano, kukisugua kwa mswaki mkavu, na kukirudisha bila kukipinda. Nguo ya mivukuto ndiyo adui mkubwa: panya wanaipenda. Nimeziba matundu kwa mpira wa ndani wa baiskeli na gundi ya fundi viatu, na kinanda kikaimba miaka mingine. Hewa yake unaitoa kwa miguu yako mwenyewe, kwa hiyo ubeti wa sita wa utenzi mrefu unaujua kwenye magoti.

Turudi Leipzig. Mwaka 1840 Felix Mendelssohn, ambaye alikuwa akiongoza muziki wa mji huo, alikaa peke yake kwenye kinanda cha Thomas na kupiga jioni nzima kazi za Bach tu, ili kuchangisha fedha za mnara wa kumbukumbu ya Bach. Ilikuwa harambee ya kanisani, kwa maneno yetu, na mnara ulizinduliwa 1843. Ninapenda kwamba mpigaji mwenyewe ndiye aliyekuwa mchango mkubwa zaidi.

Halafu ikaja zamu ya kinanda kinachotawala kanisa sasa. Katika miaka ya 1880 jengo lilikarabatiwa sana, na Wilhelm Sauer akajenga kinanda kipya kwenye roshani ya magharibi: kibodi tatu za mikono, moja ya miguu, stopu 63. Kilizinduliwa 1889. Kwa hiyo Wajerumani waliopanda Machame mwaka 1893 walitoka kwenye mji ambao kanisa lake la Thomas lilikuwa na kinanda cha miaka minne tu, kipya kabisa. Baadaye mpigaji wa hapo Karl Straube, mtu mwenye mikono mizito na matarajio makubwa, akataka zaidi, na Sauer akakipanua hadi kufikia stopu 88 mwaka 1908. Huu ndio mwaka wa kukumbuka, kwa sababu kinanda cha stopu 88 ndicho kilichokarabatiwa na kinachosikika leo.

Nilikisikia Jumamosi alasiri, kwenye ibada yao ya muziki wanayoiita moteti. Wavulana huimba Ijumaa jioni na Jumamosi, unanunua programu mlangoni kwa euro chache, unakaa. Kilichonishangaza ni mgongo wangu. Kwaya na kinanda viko nyuma, juu, kwenye roshani, na watu wote wanatazama altare. Huwaoni waimbaji. Hakuna kuyumba, hakuna sare za kitenge, hakuna mtu wa kushangilia kwa macho. Sauti inakuja kutoka nyuma na kupita juu ya kichwa, na zile stopu za chini unazipata kwanza kwenye mbao za benchi, ndipo sikioni. Sipendekezi tuige. Mwanakwaya wa Kilimanjaro ukimficha roshanini atahama usharika. Ila niligundua kwamba nilisikiliza maneno zaidi.

Katika yale waliyoimba ulikuwepo utenzi wa kichwa cha Yesu kilichojeruhiwa kwa miiba, ambao sisi tunauimba Ijumaa Kuu kwa sauti ileile. Sauti hiyo haikuzaliwa kanisani. Hans Leo Hassler aliitunga kwa wimbo wa mapenzi uliochapishwa 1601, kanisa likauchukua, na Bach akautumia tena na tena katika Mateso ya Mathayo. Hilo nawaachia wazee wanaosimama kila mwaka kwenye mkutano mkuu kulaani midundo ya bongo fleva kwenye kwaya ya vijana. Si kwamba hawana hoja. Baadhi ya midundo hiyo ni mibovu kweli.

Ladha ikageuka tena katika karne ya 20. Sauer alijenga kwa masikio ya zama zake: sauti nene, zinazovimba polepole kama okestra. Bach anataka kila mstari usikike peke yake. Watu wakaanza kusema kinanda cha kanisa la Bach hakimfai Bach, na mwaka 1967 kampuni ya Alexander Schuke ikajenga cha pili kwa ajili yake. Hicho nacho kikachokwa. Kikaondolewa, baadaye kikapelekwa kanisa la Fürstenwalde, na mwaka 2000, miaka 250 baada ya Bach kufariki, Gerald Woehl akamaliza kingine upande wa kaskazini: kibodi nne, stopu 61, kikipangwa kwa kufuata mawazo ya Johann Christoph Bach wa Eisenach, ndugu wa ukoo. Sanduku lake la nje limeiga kinanda cha kanisa la chuo kikuu cha Leipzig, ambacho Bach mwenyewe alikikagua kilipojengwa. Kanisa hilo la chuo serikali ya Ujerumani Mashariki ililipua kwa baruti Mei 1968. Kwa hiyo kinanda cha Bach cha Leipzig ni kipya kuliko gari langu, na gari langu si la kujivunia.

Hapo ndipo nilipoacha kusikitika. Nilikwenda nikidhani nitaona mahali palipotunza chombo. Nikakuta mahali palipotunza kiti. Vinanda vimekuja na kuondoka, ladha zimepinduka, dini imegeuzwa kutoka Ukatoliki kuwa Ulutheri mwaka 1539, vita vikapita, serikali isiyotaka kanisa ikakaa miaka 40, na muda wote huo walikuwepo watoto wanaofundishwa kuimba na mtu anayelipwa kuwafundisha. Mwaka 2021 kazi ya kantor alipewa Andreas Reize, Mswisi, tena Mkatoliki. Hebu jaribu kufikiria kikao cha kupitisha jina hilo kwenye dayosisi yoyote unayoijua.

Sisi pia tuna ushahidi wetu. Vita ya Kwanza ilipokwisha, mwaka 1920 wamisionari wa Kijerumani walifukuzwa na Waingereza, na watu wa Leipzig hawakuruhusiwa kurudi hadi 1925. Huko kwao nyuma, mwaka 1917, serikali yao ilikuwa imenyofoa mabomba ya bati ya mbele ya vinanda vingi vya makanisa ili kutengeneza vifaa vya vita. Huku kwetu walimu na wazee wenyeji walishika sharika na ibada ikaendelea na tenzi zikaimbwa, kwa sababu kulikuwa na watu waliozijua kwa kichwa. Hawakuhitaji mabomba.

Sasa yale mambo ya baraza. Mzee mmoja wa kanisa, mtu ninayemheshimu na ambaye ni shabiki wangu, alikuja na wazo zito. Ameambiwa makanisa mengine Ujerumani yanafungwa kwa kukosa waumini na vinanda vyao vinatafutiwa pa kwenda. Kwa nini tusiwaombe wabia wetu kimoja? Kontena moja tu, mwalimu. Nilimwamkia, nikamshukuru, nikamwambia ukweli. Bomba hupanda sauti joto likipanda, na hapa mjini saa tatu asubuhi na saa saba mchana ni nchi mbili tofauti. Mbao zilizokaushwa kwa baridi ya kwao zitapasuka Februari na kuvimba Aprili. Umeme ukikatika, mashine ya hewa inasimama katikati ya sala ya Bwana. Nyigu watajenga ndani ya mabomba madogo kabla ya Kwaresima. Na fundi wa karibu atakuja kwa ndege. Akanisikiliza, akasema, "Kwa hiyo mwalimu hutaki maendeleo."

Nataka. Kwenye maombi yangu kwa baraza niliandika kitu kingine: kila mwaka usharika ulipie watoto wawili wajifunze kusoma noti na kupiga, na mpiga kinanda apewe posho inayoandikwa kwenye bajeti, si bahasha ya Krismasi inayotegemea nani katoka Dar na gari gani. Mwaka huo tulinunua spika mpya na mikisa, na vigae vya varanda. Maombi yangu yalisogezwa kwenye mengineyo. Yakasogezwa tena. Mara ya tatu mtunza hazina, mama mwenye kalamu kali, aliuliza kwa nini watoto wawili na si watatu, nikajua limepita.

Walikuja watatu. Mmoja ni binti wa darasa la sita anayetoka Kiboriloni kwa daladala kila Jumamosi, mkono wa kulia hodari, wa kushoto mkaidi. Tunatumia kile cha kukanyaga kwa sababu kibodi ya umeme inawadanganya, inalia hata kwa kuguswa kizembe. Miguu yake ilikuwa haifiki vizuri, fundi seremala wa jirani akatupandishia vikanyagio kwa vipande viwili vya mbao. Wiki iliyopita alimaliza utenzi mzima bila kusimama, kisha akaniuliza kama mpigaji analipwa mazishini. Nikamwambia ndiyo, na akaulizia kiasi.